Kwa Kiswahili, Nyamaza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naianza barua kwa shikamoo kwa sababu hukuwa mtu wa kurukiwa na maneno. Hata kwenye simu, nikisema tu "Mama, nina habari", ulinyamaza mpaka nikuamkie kwanza, ndipo habari ikapewa ruhusa ya kuingia. Basi shikamoo, na marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana huko ulikolala simu hazifiki.

Barua hii naiacha wazi. Atakayeisoma na aisome. Tanga wataisoma kabla chai haijapoa, na hapa Birmingham watapigiana simu mpaka masikio yawaume. Salim naye ataisoma, na atajua kwamba nimevunja ahadi yetu. Mdogo wangu unamjua, si mtu wa kelele. Atakuja kukaa kwenye kochi langu, azichezee funguo za teksi yake, aniulize kwa nini. Jibu lake limo humu, lakini si yeye ninayemwandikia. Nakuandikia wewe, kwa sababu uliniuliza swali nisikujibu, na tangu siku ile sijapata raha.

Niache kwanza niwaambie watu ulikuwa nani, na usinikatize kama kawaida yako. Ulikuwa kungwi. Ngamiani yetu ile ya barabara zenye namba badala ya majina, harusi haikuwa harusi mpaka umfunde mwali. Ulifungiwa naye chumbani ukamweleza mambo ya mume, ya mwili na ya nyumba, na siku ya kutoka binti wa watu alikuwa anatembea vingine. Mimi nilikuwa nafukuzwa. Nilikaa uani juu ya kinu kilicholazwa, kitabu cha hesabu mapajani, nikisikia vicheko vyenu na vigoma vyenu, na sikuambulia neno hata moja. Nikikuuliza mnafundishana nini humo, ulisema zamu yangu itafika. Desturi inasema mama hamfundi bintiye, anaona haya. Wewe ulisema huoni haya yoyote, kwamba hutawagawia watoto wa watu halafu wako umwache akafundwe na mtu wa kuazima. Uliyasema hayo unachambua mchele, na mimi niliyaamini kama nilivyoamini kwamba tatu mara nne ni kumi na mbili.

Nikangoja. Nikafaulu mitihani, nikaenda chuo kikuu Dar es Salaam, nikaja huku kusoma zaidi, nikabakizwa kufundisha, nikawa profesa wa hisabati, na zamu haikufika. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu ulinifunza, tena kwa Kiingereza.

Sasa niseme. Mimi, Mama, napenda wanawake. Sentensi hiyo nimeisema mbele ya vipaza sauti, mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya wabunge waliokuwa wakitazama saa zao. Nimeisema nikipigania watu wanaofukuzwa kazini, na wanaotakiwa kurudishwa nchi walizozikimbia kwa ajili ya sentensi hiyo hiyo. Kwa Kiswahili naiandika leo kwa mara ya kwanza. Nimeiandika, nikaifuta, nikainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa, nikarudi nikaiandika tena.

Unakumbuka kiangazi cha 2004 ulipokuja kututembelea? Ulifikia kwa Salim, Bordesley Green, kwenye nyumba ile iliyobanana na za jirani, wewe na watoto wake watatu na mkaza-mwanao Mwanamisi, na choo kimoja. Baada ya muda ukasema unataka kuona kwangu. Salim akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeona moshi. Nikamwambia alete mzigo wako, nyumba ipo tayari. Haikuwa tayari. Mimi na Lona tulikuwa na siku mbili za kuifanya iwe nyumba ya mwalimu mseja na mpangaji wake.

Jina lake ni Lorna, lakini wewe ulimwita Lona, nami humu nitamwita ulivyomwita. Yeye ni dereva wa basi. Wazazi wake walitoka Jamaica, na mama yake anakaa Lozells, mwanamke wa kanisa, na hadithi yake na mwanawe ni ndefu kama yetu. Tuliziondoa picha zetu ukutani zikabaki alama za mistatili kwenye rangi. Kubwa kuliko zote nikaifunika kwa kalenda ya msikiti niliyopewa na Salim. Tukanunua kitanda na godoro, tukaviweka chumba kidogo cha juu, na Lona akahamishia humo nguo zake, viatu vyake vya kazi na uso wa mtu anayelipa kodi.

Nilidhani mtakaa kama paka wawili. Wewe Kiingereza hujui, yeye Kiswahili hajui. Nilirudi kutoka chuoni nikawakuta jikoni mnamenya ndizi, mnacheka, na hata leo sijui mlikuwa mnacheka nini. Lona alikuwa amevaa kanga yako kiunoni juu ya suruali ya kampuni ya mabasi. Ulinitazama ukasema, "Shoga yako huyu ana adabu. Anajua kukaa na watu."

Chai ilinipalia. Ulinipiga mgongoni ukidhani ni tangawizi. Kwetu pwani shoga wa mwanamke ni rafiki yake wa kike, wa kusukana nywele na kupeana siri, na wewe ulikuwa na mashoga mpaka Pangani. Lakini hapa Birmingham, wanapokutana Wakenya, Wakongo na Watanzania wa bara, neno hilo wanarushiwa wanaume wanaopenda wanaume, na halirushwi kwa wema. Nilikuwa nimelisikia wiki ile ile, mtu akinisema nyuma yangu kituo cha basi, bila kujua kwamba naelewa. Wewe ukaja ukaliweka mezani, safi, karibu na ndizi. Tangu hapo, kila simu ya kutoka Tanga ilikuwa na hilo swali: shoga yako hajambo? Hajambo, Mama. Msalimie. Zimefika.

Na kuna siku ile uliyofagia vyumba vya juu, ingawa nilikukataza. Ulishuka ngazi polepole, mkono mmoja ukutani, ukanikuta nasahihisha mitihani. "Godoro la shoga yako bado lina nailoni ya dukani," ukasema. "Mwambie aitoe, atatoka vipele." Nikasema nitamwambia. Ukaenda kuchemsha maji. Mimi nikaendelea kusahihisha, nikashukuru kwamba umeona nailoni tu. Nilikuwa nimekwambia kwamba Lona kapanga kwangu miaka mitatu.

Kungwi, Mama! Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutandika vitanda vya watu na kuvisoma asubuhi. Nina shahada tatu na sikulifikiria hilo mpaka umekufa.

Uliporudi kwa Salim ndipo ikatokea ile ya televisheni. Ilikuwa jioni, wote tumekaa chini mkekani, sinia la wali katikati. Saa za habari zikafika na mimi nikatokea kwenye kioo, nimesimama kwenye ngazi za jumba la mji, mdomo wazi, watu wamejaa chini yangu na bendera za rangi zote za upinde wa mvua. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba walipiga picha. Samira, binti mkubwa wa Salim, akaruka. "Bibi, look, it's Auntie! Auntie's on telly!"

Watoto wale wanaelewa Kiswahili kila neno, lakini ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa hilo. Ukauliza mtoto anasemaje, na mimi kwenye televisheni nasemaje. Mwanamisi akainamia sinia. Salim akameza tonge. Akasema dada yuko kwenye mkutano wa hesabu.

Hukuondoa macho. "Hesabu zina watu wanaozipigania namna hii?"

"Huku wanazipenda sana, Mama."

"Na bendera yao nzuri," ukasema. "Rangi zote zimo." Ukanichagulia kipande cha nyama chenye mfupa wa uboho, ukanisogezea upande wangu wa sinia.

Salim alinirudisha Kings Heath kwa teksi yake. Tulipofika mlangoni kwangu akazima injini. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na hoja zangu zote mkononi, nimezoea kuzitumia kwa watu wakali kuliko yeye. Lakini Salim hakunigombeza. Alisema yeye hanihukumu, kila mtu na kaburi lake. Alisema Lona ni mtu mwema, alimpakia Mwanamisi basini bure siku ya theluji. Halafu akasema lile ambalo nimeishi nalo tangu hapo.

"Dada, sema unavyotaka, na popote unapotaka. Lakini sema kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nyamaza. Kiingereza kinaishia hapa hapa. Kiswahili kinafika Tanga."

Alikuwa analia. Mwanamume mzima, mkono kwenye usukani. Akasema wewe una jina, kwamba wanawake wa Ngamiani wanakukabidhi mabinti wao kwa jina hilo, na siku itakayosemwa kwamba kungwi wao ana binti wa namna ile, nani atakuletea mwali? Nilikubali. Niliona hata ni bei nafuu.

Sikujua nimekubali nini. Mtu akisikia atasema, kuacha lugha moja katika mbili, si unabaki na moja? Lakini ile iliyobaki haikuwa na wewe ndani yake. Kwa Kiingereza nilikuwa mtu mzima: nina mke, nina msimamo, nina maadui wa maana. Nikifungua mdomo kwa Kiswahili narudi kuwa msichana wa uani, juu ya kinu, nikisubiri kuitwa. Nilikuja Tanga likizo mara mbili na mara zote mbili nilikaa kwenye harusi na mashoga zako wakinishika kidevu, wakiniuliza nasubiri nini, wakisema vitabu havimfuniki mtu shuka. Nilicheka nao. Niliporudi hotelini Dar kusubiri ndege nilimpigia Lona simu, na kwa muda mrefu sikuweza kusema kitu, kwa lugha yoyote.

Hata ndoto, Mama. Nilianza kuota kwa Kiingereza, na ukitokea ndotoni ulikuwa husemi.

Lozells kuna duka dogo ambako nilikuwa nanunua unga wa muhogo, ndimu na dagaa wakipatikana. Mwenye duka ni mama Msomali aliyelelewa Kenya, mtaratibu, Kiswahili chake cha Nairobi. Siku moja hakukuwa na mteja mwingine. Alinipimia dagaa, akafunga mfuko, halafu hakunipa.

"Samahani, si wewe ni ule mwalimu nilionaga kwa TV?" akasema. "Niko na msichana wangu. Nilikuwa nataka tu kukuuliza kitu."

Macho yake yalikuwa yamejaa kinachofuata. Na mimi nikamjibu kwa Kiingereza. Nikamwambia nadhani amenifananisha. Niliona sura yake ikijifunga, kama anavyoshusha mlango wa bati wa duka. Akaniomba radhi, kwa Kiingereza naye, akanipa mfuko wangu na akaniongeza ndimu moja ya bure. Nilifika hadi kituo cha basi nikageuka kurudi, nikamwona dirishani anamhudumia mwanamume mwenye kanzu, nikapanda basi. Wiki ile nilizungumza kwenye ukumbi uliojaa, kuhusu ujasiri, na watu walisimama kupiga makofi. Nilitaka kuwatupia viatu.

Sheria ilipokuja ya kuwaruhusu watu kama sisi kuandikishana serikalini kama wenzi, Lona alinunua gauni la rangi ya zambarau na mimi nikavaa suti. Kaka yake alikuja, wanafunzi wangu walikuja, mama yake hakuja. Salim hakuja. Mchana tulipokuwa nyumbani mlango ukagongwa, nikamkuta Mwanamisi amesimama na sufuria kubwa ya pilau, ameivingirisha taulo, amekuja nayo kwa mabasi mawili kutoka Bordesley Green. Hakuingia. Alinikabidhi, akasema, "Wifi, sufuria nitaifuata Jumapili." Akaondoka haraka. Tulikula ile pilau siku tatu. Jioni yake nilikupigia simu kama kawaida, nikakwambia leo tumekula pilau. Ukauliza pilau ya nini. Nikasema ya kula tu.

Ukasema pilau ya kula tu huwa haina mdalasini mwingi, yenu ilikuwa nao? Nikasema ilikuwa nao. Ukasema haya.

Sasa simu ile ya mwisho. Nilikuwa natumia kadi zile za kukwangua, na zilikuwa na mwanamke aliyerekodiwa, anayekuja kukukumbusha kwa Kiingereza kwamba dakika zako zinakwisha. Wewe ulimwita bibie wa kadi. Uliamini ni mtu kweli, kwamba amekaa mahali na vipokea sauti masikioni anatusikiliza, na kila simu ulinituma nimsalimie. Siku ile tulizungumza habari za magoti yako, bei ya mafuta ya taa, na mwali mmoja wa Barabara ya Kumi na Nne aliyekataa kufundwa kwa sababu amesoma kila kitu kwenye kompyuta. Ulicheka sana kwa huyo. Halafu ukaacha kucheka.

"Mwanaidi," ukasema. Hukuwa na desturi ya kuniita jina, siku zote ulikuwa unaniita mama. "Nikuulize. Wewe na Lona, nani kaoa, nani kaolewa?"

Nilikuwa nimesimama barazani kwangu na simu sikioni. Mbele yangu Lona alikuwa anafuta vioo vya gari.

"Nauliza hivyo," ukasema, "kwa sababu sijui nimfunde nani."

Watasema nilinyamaza kwa woga. Woga ulikuwepo, siukatai. Salim alikuwepo masikioni mwangu na neno lake la nyamaza. Lakini naapa, Mama, zaidi ya woga, sikuwa na kitenzi. Uliniuliza kwa upole mkubwa kuliko wote niliowahi kupewa, na nilipofungua mdomo nikakuta milango miwili tu. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Nikisema nimeoa, nimejifanya nisiye. Nikisema nimeolewa, nimemgeuza Lona mume, na Lona na mabega yake yote ni mwanamke kuliko mimi. Nikasimama pale profesa mzima, natafuta neno la mtoto wa darasa la pili, na bibie wa kadi akaingia na Kiingereza chake.

"Anasemaje?" ukauliza.

"Anasema muda unakwisha, Mama."

"Basi nijibu kabla hajakata."

Nikasema "Mama", na simu ikakatika.

Duka la kadi lilikuwa mwisho wa mtaa. Sikwenda. Nilijiambia nitakupigia nikishapata jinsi ya kusema. Mtu aliyefundishwa hesabu hapeleki jibu mpaka awe na hakika nalo.

Siku chache baadaye nilikuwa nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la uhusiano. Si la mapenzi, la hesabu. Kuna uhusiano unaokwenda upande mmoja tu: Salim ni mdogo wangu, lakini mimi si mdogo wa Salim. Na kuna unaokwenda na kurudi: kama mimi ni jirani yako, wewe ni jirani yangu, hakuna wa kwanza na hakuna wa pili. Nimetoa mfano wa jirani kwa miaka yote niliyofundisha. Siku ile msichana mmoja akaomba mfano mwingine. Nikageukia ubao, na kabla sijajua ninachofanya nikaandika neno la Kiswahili, mbele ya watoto wa Kiingereza. *Kuoana.*

Nikabaki nimelitazama. Mama, lilikuwepo. Si neno la vitabu wala la kutungwa. Nyinyi wenyewe mlilisema uani kila siku, fulani na fulani wameoana, nami nilikuwa nimekaa pale juu ya kinu nalisikia. Silabi moja tu mwishoni, na kitenzi kinakwenda na kurudi. Nilianza kucheka peke yangu na chaki mkononi mpaka wanafunzi wakatazamana. Niliwaacha kabla ya wakati, nikapita dukani, nikanunua kadi, nikaikwangua kwa ukucha nikiwa barabarani.

Alipokea Mwanaharusi, jirani yako. Akasema umepelekwa hospitali tangu alfajiri, presha, na simu umeiacha kwake. Nikamwomba akupe ujumbe. Akasema sawa, niambie. Nikalisikia lile neno la Salim. Nikamwambia akwambie nitapiga kesho. Kesho yake alfajiri ulikuwa umekwenda, na alasiri walikuzika.

Salim alikwenda. Mimi aliniomba nisiende. Alisema watu watazungumza matangani badala ya kusoma dua. Kwa hiyo nilikaa matanga yako Bordesley Green, kwa Mwanamisi, katikati ya wanawake, nimejifunika buibui. Walinipa pole kwa moyo safi. Mmoja alinishika mikono akalia kwa ajili yangu, akasema maskini, na hana hata mume wa kumfuta machozi. Lona alikuwa nje ndani ya gari, ng'ambo ya barabara, na sare yake ya kazi, amechukua ruhusa ili aningoje. Nilimwona kwa upenyo wa pazia. Alikaa pale tangu mchana mpaka isha, na kila mara Mwanamisi alipitia mlango wa nyuma na kikombe chini ya mtandio, akarudi bila kikombe.

Salim aliporudi kutoka Tanga nilimwambia ahadi imekwisha, wewe tuliyekuwa tunakulinda hupo. Akasema Mama kaenda, jina lake halijaenda. Nimekaa na maneno hayo mwaka mzima. Si mtu mbaya, Salim. Na yeye amefungwa humo humo nilimofungwa mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye anashika funguo na anadhani hiyo ndiyo nafuu.

Nimejiuliza nani alikwambia. Salim anaapa si yeye. Labda hakuna aliyekwambia. Labda ilikuwa godoro, au bendera, au mdalasini. Hesabu zinadai uthibitisho na mimi sina. Ninacho ni kwamba kungwi wa Ngamiani, mwenye jina lake, ambalo sisi wawili tulikuwa tunalificha lisichafuke, aliniuliza amfunde nani. Hukuuliza imekuwaje, wala watu watasema nini. Ulikuwa unataka kuanza kazi.

Jumamosi nitakwenda Lozells. Nitamsalimu yule mama kwa Kiswahili, nimwombe radhi, nimuulize msichana wake hajambo. Kama atanifukuza nitanunua ndimu kwanza.

Lona anakusalimu. Kanga yako bado anavaa jikoni, na ile nailoni ya godoro tuliitoa siku ile ile uliyosema. Lala pema, Mama, Mungu akupanulie kaburi. Na jibu lako hili hapa, kwa lugha uliyoniulizia. Hakuna aliyeoa, wala hakuna aliyeolewa. Tumeoana. Ungetufunda sote wawili.

Mwali wako,
Mwanaidi